Maswali ya Wasomaji: Runinga Katika Darasa la Fizikia

SWALI: Kwako Mwalimu, pokea salamu kutoka Umoja. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Nairobi. Muhula uliopita tulipata projekta, na mwenzangu akanipa flashi diski yenye vipindi vyote vya The Mechanical Universe, mfululizo wa runinga wa kufundisha fizikia. Nimeonyesha vipindi vitatu vya mwanzo. Wanafunzi hutulia tuli, na wengine huvizungumzia hata wakati wa chai, lakini nikiwapa zoezi wiki inayofuata ni kana kwamba hawakuona kitu. Je, vipindi ni vigumu mno kwao, au kosa ni langu? — Mwalimu, Umoja.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu nami nimesimama hapo uliposimama, taa zimezimwa, darasa kimya, moyoni nikiamini kwamba kimya kile kilikuwa kujifunza. Nitaanza na ugumu wa vipindi, kwa kuwa hilo halihitaji maneno mengi. Mfululizo huo ulitengenezwa na Caltech, chuo cha sayansi na teknolojia kilichoko California, ukaanza kuonyeshwa nchini Marekani mwaka 1985. Una vipindi 52 vya karibu nusu saa kila kimoja, na uliandaliwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ndiyo maana Profesa David Goodstein anaonekana akiwahutubia wanafunzi katika ukumbi wa mihadhara, na ndiyo maana kipindi cha tatu kinaingia moja kwa moja katika kalkulasi, hisabati ambayo mwanafunzi wetu wa mfumo wa 8-4-4 huikuta katika Kidato cha Nne. Kwa hiyo usivionyeshe kwa mpangilio wa namba zake. Chukua kile cha kuanguka kwa vitu, kile cha inesha (tabia ya kitu kubaki katika hali yake ya kutulia au ya mwendo) na kile cha mwendo wa duara, vile vya hisabati uviache kwa sasa, wala usione kwamba umewapunja wanafunzi wako. Watengenezaji wenyewe waliona tatizo hilo, wakatoa baadaye toleo fupi la shule za sekondari.

Lakini hata ungechagua vizuri kiasi gani, naamini zoezi lako bado lingekwama, na sababu ni kwamba filamu nzuri hujibu swali kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kulikosea. Jim Blinn, aliyechora michoro ya kompyuta ya mfululizo huo, aliweza kuzifanya hata herufi za mlinganyo zihame kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya macho yako, na ni kazi ambayo mpaka leo naitazama kwa heshima. Hata hivyo, mwanafunzi anayeona herufi zikihama zenyewe hajazihamisha yeye. Anakubali kila hatua kwa sababu hakuna hatua inayomkataa. Wiki ikipita, kilichobaki kichwani ni rangi na muziki, na ile dhana aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, iko palepale haijaguswa.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusimamisha filamu kabla ya jibu. Nusu saa ya kipindi igawe katika vipande vya dakika nne au tano, na kabla ya kila kipande waandike daftarini kile wanachodhani kitatokea. Sisitiza waandike kwa kalamu, kwa maana mkono ulioinuliwa hushushwa kimyakimya jibu linapotokea, lakini maneno yaliyoandikwa hubaki pale yakimtazama mwenyewe. Nikupe somo moja nililofundisha hivyo. Nilishika daftari mkono mmoja na karatasi moja mkono wa pili, nikaviachilia pamoja. Daftari likatua, karatasi ikapeperuka, na darasa zima likaridhika kwamba uzito ndio ulioamua. Nikaichana karatasi iwe ndogo kuliko daftari, nikailaza juu yake, nikauliza: sasa je? Karibu wote waliandika kwamba karatasi ingebaki nyuma. Nilipoachilia, vyote viwili vilifika sakafuni pamoja, karatasi ikiwa imetulia juu ya daftari. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akapinga kwamba daftari lilikuwa limeivuta karatasi. Sikumjibu. Niliikunja karatasi ileile ikawa donge gumu, nikampa yeye aiachilie kando ya daftari kwa mikono yake mwenyewe. Alirudia mara tatu, kisha akasema polepole, kama anayejiuliza, kwamba basi ni hewa.

Hapo ndipo nilipowasha projekta. Niliwaonyesha picha za mwezini za mwaka 1971, pale mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alipoachilia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, mahali pasipo na hewa, vikagusa ardhi pamoja. Darasa lilipiga makofi. Jambo ambalo wangelitazama kama ajabu ya wageni lilikuwa sasa jibu la ubishi wao wenyewe, na nadhani hiyo ndiyo nafasi halali ya runinga darasani: kutuonyesha mwezi, ombwe na mizunguko ya sayari, yaani yale tusiyoweza kuyafikia, baada ya mikono kumaliza yale yaliyo mezani.

Jaribu pia kuwageuza wanafunzi wawe watengenezaji wa kipindi. Chora kwa chaki ukutani mistari kila baada ya sentimita 10, mwanafunzi mmoja aangushe mpira wa tenisi kutoka kimo cha sentimita 123 au zaidi kidogo, mwingine arekodi kwa simu. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha tatu ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukiifungua video hiyo kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, herufi E husogeza picha moja kila unapoibonyeza. Hesabuni picha tatu tatu na mpime mpira umeshuka kiasi gani katika kila muda. Kinadharia mtapata sentimita 4.9, kisha 14.7, 24.5, 34.3 na 44.1. Gawanya kila namba kwa ya kwanza uone: 1, 3, 5, 7, 9. Ni mpangilio uleule alioupata Galileo akiviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa, na alifanya hivyo kwa kuwa hakuwa na saa ya kufuata kitu kinachoanguka wima. Vipimo vyenu havitakuwa sahihi hivyo, kwa sababu ni vigumu kujua picha ipi hasa ndiyo ya kuachilia, na simu ikiwa juu au chini ya mpira itapotosha urefu. Usiufiche upungufu huo. Mtihani wa KCSE una karatasi ya tatu ya vitendo, na mwanafunzi aliyewahi kubishana juu ya kosa la kipimo chake mwenyewe haogopi jedwali.

Jambo moja zaidi, kwa kipindi cha inesha. Kabla ya kukionyesha, waulize kwa nini abiria aliyesimama kwenye basi la Barabara ya Jogoo hurushwa mbele dereva anapokanyaga breki. Wengi watataja nguvu inayomsukuma mbele. Waache waandike hivyo, kisha uwatake waseme ni nani au ni nini kinachosukuma. Hawatampata, na watakitazama kipindi wakimtafuta.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Kila jioni hutazama masomo ya fizikia kwenye simu yangu, na nikimuuliza husema ameelewa yote, lakini alama zake hazipandi. Mimi sikusoma fizikia. Nimsaidieje? — Mama, Kangemi.

JIBU: Mama, binti yako hakudanganyi. Mtu anapofuata maelezo mazuri huhisi ameelewa, na hisia hiyo ni ya kweli hadi pale anapoachwa peke yake na karatasi tupu. Kutosoma fizikia kwako ni msaada mkubwa hapa. Akimaliza kipindi, iweke simu mbali, umwambie akueleze kwa Kiswahili ameona nini, nawe umuulize maswali ya mtu asiyejua: hiyo kani ni nini, inatoka wapi, ingekuwaje kama isingekuwepo? Atakapoanza kutumia maneno ya Kiingereza ambayo hawezi kuyafafanua, hapo ndipo pa kurudia. Kisha afanye maswali mawili ya kitabu chake cha shule kabla ya kulala, kipindi kikiwa kimefungwa. Heri kipindi kimoja kwa wiki kwa namna hiyo kuliko saba vya kutazamwa mfululizo. Masomo yanayorushwa na chaneli ya elimu ya KICD, taasisi ya kutayarisha mitaala ya Kenya, yanafuata mtaala wetu, kwa hiyo kwa binti yako anzeni na hayo.

SWALI: Sauti ya vipindi vya Marekani huwashinda wanafunzi wangu, matamshi yanakimbia. Je, nitafute vilivyotafsiriwa? — Mwalimu, Ruaraka.

JIBU: Usisubiri tafsiri. Chagua kipande cha dakika mbili chenye michoro na uzime sauti kabisa. Kitazameni mara moja kimya, kisha mpe mwanafunzi mmoja nafasi ya kuwa mtangazaji, asimulie kinachotokea kwa Kiswahili, hata kwa Sheng ikimjia, wenzake wakimsahihisha. Mpira unaruka juu, unapungua kasi, unafika kileleni, halafu? Hapo ndipo atakaposema mpira umesimama na hakuna kani inayouvuta, na nusu ya darasa itapiga kelele kwamba kani iko palepale. Mara ya tatu, rudisha sauti.