Mkeo Hajakudhalilisha, Amechoka Kukusemea

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na mtoto mmoja. Tangu mdogo ndoto yangu ni kuwa wakili wa kusimama mahakamani. Sheria nimesoma na leseni ninayo, lakini mwaka wa sita huu nipo ofisini nawaandikia wenzangu hoja, wao ndio wanaenda kusimama. Tatizo ni hofu ya watu. Nikitakiwa kuongea mbele za watu moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, sauti inakauka. Mke wangu alijua hili tangu uchumba ila siku hizi hanielewi kabisa. Juzi bosi kanipa ombi dogo la kuahirisha kesi, asubuhi nikaamka najisikia vibaya, nikamwomba mke wangu ampigie bosi amwambie naumwa. Akakataa, akasema piga mwenyewe. Shangazi nilidhalilika. Mke anatakiwa amsapoti mume atimize ndoto zake, huyu ananirudisha nyuma. Nimfanyeje anielewe? NB: Kwa sasa yuko kwa dada yake, kasema anapumzika kidogo. Pia kuna mwenzangu anameza kidonge kabla ya kusimama, naomba kujua kama kinafaa maana nimechoka kujipa moyo kwa njia nyingine."

Marahaba mwanangu. Pole sana. Hofu unayoisema ipo kweli, madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, sio deko wala sio ujinga, na wengi inawaanza wakiwa wadogo tu, miaka ya kubalehe hivi, wanakua nayo wakidhani ndivyo walivyoumbwa. Kwa hiyo sitakwambia "jikaze tu" kama wajomba zako. Haya, pole imeisha.

Barua yako nimeirudia kuisoma nikimtafuta huyo mke mbaya, sijamwona. Nilichoona ni mwanamke ameamka asubuhi na mambo yake, mtoto hajavaa, anaombwa apige simu kwa bosi asiye wake aseme uongo usio wake, halafu akikataa anaitwa mdhalilishaji. Kakudhalilisha mbele ya nani? Mlikuwa wawili chumbani.

Na usinidanganye kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Mtu hamwombi mkewe ampigie bosi kama hajazoea kumtuma simu nyingine. Hebu nijibu taratibu, mwenye nyumba akipiga nani anapokea? Mikutano ya shule ya mtoto anaenda nani? Fundi akiharibu kazi nani anakwenda kugombana naye? Mkialikwa mahali nani anazunguka meza zote kusalimia, na nani kakaa kwenye kona ameinamia simu anasogeza kidole juu chini kama anasoma kitu cha maana? Majibu ninayo tayari. Ulivyosema "alijua tangu uchumba" ndipo ulipojichongea, maana yake tangu uchumba yeye ndiye mdomo wako, na miaka yote hiyo wala hukumwandikia shangazi kulalamika kwamba hakuelewi. Umeandika siku aliyoacha.

Sasa nikueleze kitu ambacho pengine hata yeye hakijui kwa maneno ila moyoni amekihisi. Hofu inalishwa na kukwepa. Kila simu anayopiga mkeo kwa niaba yako unapata nafuu hapohapo, mabega yanashuka, moyo unatulia, lakini mwili wako haujifunzi kwamba hakukuwa na hatari, unajifunza kwamba umeponea chupuchupu kwa sababu kuna mtu kaingilia kati, basi mara ijayo unapiga kelele zaidi. Ndio maana ulianza na kushindwa kusimama mahakamani na leo unashindwa kumpigia simu mtu unayefanya naye kazi kila siku. Wataalamu wanaotibu hofu hii huwaambia familia waache kumsemea mgonjwa, wapunguze kidogo kidogo, kwa hiyo mkeo bila kusomea kakupa dozi sahihi. Labda angeipunguza taratibu, sawa, na labda alikuonya mara nyingi ukajifanya husikii. Mi naamini alikuonya.

Halafu hilo la "najisikia vibaya". Naamini tumbo liliuma kweli, hofu inauma tumbo, inatoa jasho, inakimbiza watu chooni. Ila lilianza kuuma kabla hujakumbuka ombi la bosi au baada ya kukumbuka?

Na ombi lenyewe tuliangalie maana umeliita dogo mwenyewe. Kesi inaitwa, unasimama. "Mheshimiwa, naitwa fulani, namwakilisha mdai, shahidi wetu amepata dharura, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu hata hajakuangalia, ameinama anaandika. Wakili wa upande wa pili anainuka nusu, anasema hana pingamizi. Inatajwa tarehe, unainama, unakaa. Hakuna aliyekuja pale kukusikiliza wewe, kila aliyekaa kwenye benchi anawaza kesi yake. Bosi wako sio mjinga, alitafuta kitu chepesi kuliko vyote akakuwekea mkononi, maana yake ameshaona. Kwa hiyo ndotoni mwako kuna watu wawili wanaokusukuma mbele, bosi na mkeo, na anayevuta nyuma unamjua.

Hapa nitakugusa pabaya kidogo. Mi nina wasiwasi kwamba ndoto hii umeipenda zaidi kwa sababu haijajaribiwa. Mwenzio anasimama na hoja uliyoandika wewe, anaikosea kidogo, na wewe unajisemea ningekuwa mimi ningeisema vizuri zaidi. Kichwani mwako hujawahi kushindwa kesi hata moja, hakimu hajawahi kukukatisha, mteja hajawahi kukulaumu. Raha iliyoje! Ukisimama kweli utashindwa baadhi, kama mawakili wote, na hiyo raha itaisha. Kwa hiyo jiulize unataka kazi au unataka ndoto. Kuna wanasheria wazuri sana ambao hawasimami popote, wanaandika mikataba, wanatafiti, wanashauri, wanaheshimika na wanalala usingizi. Ukichagua hilo kwa moyo mweupe mi nakuunga mkono kesho. Ila lichague wewe, lisichaguliwe na hofu halafu lawama akabidhiwe mkeo. Glenn Gould, yule mpiga piano wa Kanada, alichukia kupiga mbele ya watu, mwaka 1964 akiwa na miaka 31 akaacha majukwaa kabisa, akabaki studio anarekodi mpaka alipofariki mwaka 1982, na hakuna aliyemwita mwoga. Lakini yeye aliacha jukwaa akiwa ameshalipanda.

Na kama unadhani wakili mwenye hofu hana dawa, kuna kijana alitoka Uingereza kusomea uwakili, akarudi India mwaka 1891, kesi yake ya kwanza pale Mumbai ilikuwa ndogo tu ya madai, akasimama amhoji shahidi, kichwa kikazunguka, swali hata moja halikutoka, akakaa chini, akarudisha ada ya mteja akaondoka na aibu yake. Anaitwa Mohandas Gandhi. Mwaka 1893 akapata kazi Afrika Kusini, na kule ndiko alikoanza kuzoea kusimama na kusema, baadaye himaya nzima ikamsikiliza. Alioa angali mtoto mdogo kama ilivyokuwa kwao, lakini sijasikia popote kwamba siku ile alimtuma mkewe Kasturba akamhoji shahidi.

Naomba niwaseme na wengine hapahapa maana barua kama hii napokea kwa majina tofauti. Ndoa za siku hizi zimekuwa kila mtu anataka kusapotiwa. Mke wangu hanisapoti, mume wangu hasapoti ndoto zangu, watu wanaoa na kuolewa kama wanaajiri wasaidizi. Na kila mtu siku hizi ana lebo yake kaiokota kwenye simu usiku, mara mimi ni mtu wa ndani, mara mimi nina trauma, na akishaipata lebo basi anamkabidhi mwenzie kama risiti, nibebe. Lebo ya ugonjwa kazi yake ni kukuonyesha njia ya dawa, haikufanyi uwe mzigo wenye cheti. Mwanangu, barua yako nzima nimesoma, ndoto yako naijua, bosi wako namjua, mwenzio wa kidonge namjua, lakini mkeo anafanya kazi gani? Anapenda nini? Yeye alitaka kuwa nani? Hujaandika hata neno moja. Na habari kubwa kuliko zote, kwamba mwanamke kaondoka nyumbani, umeichomeka kwenye NB pamoja na vidonge. "Anapumzika kidogo." Mwanamke anayepumzika kwa dada yake mara nyingi anahesabu, na mi nisingependa amalize hesabu kabla hujafanya kitu.

Tuje kwenye dawa. Hicho kidonge cha mwenzio nadhani ni propranolol, dawa ya moyo na presha, inazuia mwili usiitikie ile adrenalini, homoni inayomwagika ukishtuka, mapigo yanatulia na mikono inaacha kutetemeka, wanamuziki wengi wanaijua. Inasaidia kwa shughuli ya siku moja, haiondoi hofu yenyewe, na mwenye pumu inaweza kumletea hatari kubwa. Dawa ya mtu haiazimwi. Nenda kwa daktari mwenyewe, atakupima, na akiona umezidiwa zipo dawa nyingine za kumeza kila siku zinazochukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ila "kujipa moyo kwa njia nyingine" tumeelewana ni chupa, usinifiche, mficha maradhi kilio humuumbua. Pombe inakupunguzia hofu kwa saa chache halafu ikitoka mwilini hofu inarudi na riba, na watu wenye shida kama yako ni rahisi sana kunasa humo. Hilo nalo mwambie daktari, na kama mkeo analijua basi nimeanza kuelewa zaidi kwa nini yuko kwa dada yake.

Tiba yenyewe hasa inayojulikana kufaa ni ya mazungumzo na mazoezi, mara nyingi vikao 12 hadi 16 hivi, unakaa na mtaalamu mnaifuata hofu hatua kwa hatua, kuanzia inayokutetemesha kidogo mpaka inayokutoa roho. Utapenda kuanza na kubwa ili umwonyeshe mkeo, usifanye hivyo. Anza na simu. Piga dukani uulize kitu usichohitaji. Ongea na mlinzi wa ofisini zaidi ya salamu. Kwenye kikao cha ofisi uliza swali moja, la kwako, na usiliandike kwenye karatasi kwanza, maana najua unaandika. Hizo karatasi, kukariri sentensi, kushika kalamu kwa nguvu ili mkono usionekane unatetemeka, vyote hivyo ni vificho, unamaliza salama halafu unadhani kilichokuokoa ni kalamu. Kabla ya kila zoezi andika unachodhani kitatokea, ukimaliza andika kilichotokea. Usiruke hii hata kama unaona ya kitoto.

Na macho yako yatoe kwako uyapeleke nje. Ukisimama wewe unajitazama kwa ndani, unasikia moyo, unapima jasho, unajitengenezea picha ya mtu anayetetemeka kama kalowa mvua na unaamini wote wanaiona picha hiyo. Hawaioni. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani walichapisha jaribio lao, wanafunzi walivalishwa fulana ya kuaibisha yenye sura ya mwanamuziki wakaingizwa chumbani kwa wenzao, walipoulizwa wakakisia karibu nusu ya wenzao wameiona, kumbe walioiona ni kama robo tu. Jirekodi video ukisoma hoja yako, kisha iangalie kama unamwangalia mtu baki, utakuta yule wa kwenye video anaongea kawaida kuliko ulivyojisikia. Wataalamu nao wanatumia hiyo hiyo, sio uchawi wangu.

Utatetemeka. Nisikufiche hilo, siku ya kwanza utatetemeka na pengine sauti itakatika katikati ya jina lako mwenyewe. Endelea kuongea. Hofu ikipanda inafika mahali inaanza kushuka yenyewe ukiiachia muda, shida yako hujawahi kubaki hapo ukaishuhudia ikishuka.

Swali lako lilikuwa umfanyeje mkeo akuelewe. Anakuelewa kuliko unavyojielewa. Mpigie leo, nasema umpigie, usimtumie meseji ndefu ya saa sita usiku, na usimtume dada yake akusemee. Usianze na hofu yako. Muulize yeye hali yake, akijibu kwa kifupi nyamaza umsikilize hivyohivyo, halafu mwambie umeomba miadi kwa daktari kwa simu uliyopiga mwenyewe, kwa hiyo ya daktari ipige kwanza. Usimwombe arudi nyumbani siku hiyo. Na bosi mwambie ombi lijalo la kuahirisha unalitaka wewe.