Kilengeo cha mbele kina ukungu: anza na miwani, rangi baadaye

Shikamoo mzee. Umesema unawinda kwa leseni huko Sikonge, na tangu uvuke miaka 55 kilengeo cha mbele cha bunduki (kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu) unakiona kama kina ukungu, ukauliza kama ukipake rangi. Ni umri: lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kuvuta vitu vya karibu.

Miwani ya kusomea haifai. Ya nguvu ya +2.00 huona vizuri kwenye sentimita 50, na kilengeo kiko kama 85 au 90. Toa risasi zote, weka bunduki begani, mtu akupimie kwa futi toka jichoni hadi kilengeoni. Nenda na kipimo hicho (bunduki iache nyumbani) ukapimwe macho hospitali ya Kitete, Tabora, uombe miwani ya mbali iliyoongezwa +0.50 au +0.75. Kilengeo kitakaa wazi, mnyama atafifia kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

Rangi sasa. Futa mafuta kwenye kilengeo kwa spiriti. Kwa kijiti cha meno paka rangi nyeupe nyembamba, upande unaokutazama tu. Ikikauka kabisa, juu yake rangi ya kucha ya chungwa kali. Bila nyeupe chini, chungwa hupotea kwenye kivuli cha miombo. Ukingo wa juu uache safi: rangi ikirundikana pale kilengeo kinarefuka, risasi inashuka. Ua mng'ao kwa msasa laini, maana jua likipiga kulia jicho hufuata upande unaong'aa, risasi ikaenda kushoto.

Ukiona taa zina duara la mwanga usiku, mwambie daktari. Huenda ni mtoto wa jicho, na hapo rangi haisaidii.