Panya wako ajue kwanza alipo

Mara ya kwanza nilipoweka roboti yangu ya Micromouse, yale mashindano ya roboti ndogo ziitwazo panya zinazojitafutia njia, kwenye mzingile (uwanja wa vyumba na kuta za kupoteza njia) mbele ya watu, ilipita vyumba sita vizuri kabisa. Cha saba ikagusa ukuta kwa bega, ikageuka nusu, ikabaki inazunguka papo hapo. Kijana mmoja nyuma ya ukumbi akapaza sauti: "Kale kapanya kalikunywa lutuku!" Lutuku ni pombe yetu kali ya kienyeji. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Usiku ule nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, nilipitia programu mstari kwa mstari, sikuona kosa. Panya alijua njia ya kwenda. Asichokijua ni mahali alipokuwa amesimama. Wadogo zangu mnaoanza sasa, hapo ndipo wengi wenu mtaangukia, kwa hiyo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuanze na uwanja wenyewe. Mzingile wa kawaida wa Micromouse una vyumba 16 kwa 16, yaani 256, kila kimoja sentimita 18 kwa 18. Kuta zina kimo cha sentimita 5 na unene wa sentimita 1.2, ubavu mweupe, juu nyekundu, sakafu nyeusi. Panya anaanzia kwenye kona, anatafuta vyumba vinne vya katikati bila kuambiwa chochote, kisha anarudi kwenye kona na kukimbia tena kwa njia aliyojifunza. Mbio iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayomhesabia. Sisi hapa Lubumbashi tulijenga wa 8 kwa 8 kwa tripleksi, maana seremala alipotaja bei ya ule mkubwa tulinyamaza wote.

Wengi wanaoanza wanamfundisha panya kushika ukuta wa kulia na kuufuata mpaka afike. Ni shule nzuri ya wiki mbili, isizidi hapo. Katika mashindano ya kwanza, New York mwaka 1979, mlango wa kutokea ulikuwa ukingoni, na panya wa kufuata ukuta tu alimaliza upesi kuliko wale wenye kufikiri. Baadaye shabaha ikahamishiwa katikati, na wanaopanga kuta leo huhakikisha kuwa ukuta unaoanzia nje haukufikishi huko. Utazunguka mpaka betri iishe.

Njia inayotumika ni ya maji. Fikiria unamimina maji katikati ya mzingile mtupu: vyumba vya katikati vinapata 0, vinavyopakana navyo 1, vinavyofuata 2, hadi kona ya mwanzo inapata 14 (kwetu kwenye 8 kwa 8 ni 6). Panya anakwenda daima kwenye chumba chenye namba ndogo. Akikuta ukuta ambao hakuujua, anauandika, maji yanamiminwa upya, namba zinabadilika, anaendelea. Basi. Hata mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya bei ndogo yenye kilobaiti 2 za kumbukumbu inatosha: baiti moja kwa namba ya kila chumba na moja kwa kuta zake ni baiti 512. Ila usiandike kazi (function) ya programu inayojiita yenyewe chumba hadi chumba. Mimi niliandika hivyo, kumbukumbu ikajaa katikati ya safari, panya akajiwasha upya na kusahau kila kitu. Weka vyumba kwenye foleni, uvitoe kimoja kimoja.

Sasa twende kwenye magurudumu. Tuseme gurudumu lako lina kipenyo cha milimita 32, na enkoda, kihisi kinachohesabu mzunguko wa gurudumu, inakupa hesabu 360 kwa kila mzunguko. Mzingo wake ni milimita 100.5, kwa hiyo chumba kimoja ni hesabu 645. Unaandika 645 kwenye programu, unalala. Lakini mpira umelika kidogo, au umebonyea chini ya uzito wa betri, na kipenyo cha kweli ni 31.5. Kila chumba panya anapungukiwa karibu milimita 3. Akipita vyumba kumi vilivyonyooka yuko nyuma karibu sentimita 3, naye anaamini yuko katikati ya chumba. Anakata kona, bega linagonga. Ndiyo lutuku yangu ile.

Dawa yake haihitaji hesabu kubwa. Chora mstari sakafuni, mwache panya akiwa na betri yake atembee vyumba kumi, upime kwa futi alipofika, usahihishe namba. Rudia kila ukibadilisha mipira. Kisha mfundishe ajisahihishe njiani: ukuta wa pembeni unapoisha ghafla, mahali pale panajulikana, kwa hiyo aweke hesabu yake sawa hapo. Na akiwa na ukuta mbele, apime umbali kabla ya kugeuka.

Hilo linategemea vihisi vya infraredi, vinavyomulika ukuta kwa taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho na kupima unaorudi, na vihisi vina adui mkubwa hapa kwetu: jua. Jua lina infraredi nyingi kuliko taa yako ndogo. Soma kihisi taa ikiwa imezimwa, soma tena ikiwa imewashwa, toa ya kwanza kwenye ya pili. Kinachobaki ni mwanga wako uliorudi kutoka ukutani. Lakini jua la saa tisa likiingia dirishani moja kwa moja, kihisi kinajaa na kutoa hakusaidii tena. Kivalishe kimrija cheusi, na ukifika ukumbini uliza mzingile utawekwa wapi. Mimi huomba pazia lishushwe, bila aibu. Rangi nayo si moja: nyeupe ya kung'aa na nyeupe iliyofifia hazirudishi mwanga sawa. Namba ulizopima nyumbani ni za nyumbani. Pima upya pale pale.

Halafu vumbi. Anayejua Lubumbashi ya Agosti anajua vumbi letu jekundu linapofika: ndani ya viatu, ndani ya chai. Kwenye mpira mdogo wa gurudumu linafanya panya ateleze kila anapogeuka, na enkoda haijui kuteleza, inahesabu tu. Pitisha magurudumu juu ya skochi upande wa gundi kabla ya kila mbio. Wale mabingwa wa Japani wana panya wenye feni inayowavuta chini washikamane na sakafu. Sisi tuna skochi.

Kuhusu betri nitasema kidogo. Seli mbili za lithiamu zikijaa zina volti 8.4, na kadiri zinavyoshuka panya yule yule kwa amri ile ile anakwenda polepole. Programu ipime volti na kuongeza amri kwa mota, vinginevyo ulichorekebisha asubuhi kitakuwa uongo jioni. Usiziache zishuke chini ya volti 3 kwa seli. Chaji siku mbili kabla, si usiku wa mwisho, kwa maana kuranti ya SNEL, shirika letu la umeme, haikuulizi una shindano lini.

Siku yenyewe, mbio ya kwanza iwe ya polepole hata kama jirani yako anakimbia. Na beba bisibisi mbili ndogo za kukazia magurudumu. Moja itaombwa, na hutaiona tena.