Muulize fundi: ikijaa itafanyaje?

Mwaka 2014 niliandika programu ya wateja wa mkopo kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Namba ya mteja niliipa tarakimu tatu. Mwenye duka aliuliza kama zitatosha, nikacheka. Wakopaji elfu moja Dodoma hii watoke wapi? Habari ya makao makuu kuhamia huku tunaisikia tangu 1973, nani alikuwa bado anaiamini? Julai 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahama kweli, na viwanja vikaanza kugombewa mpaka Ihumwa.

Siku moja nikaitwa dukani mbio. Mzee mmoja, kadi ndiyo kwanza amefunguliwa, anaambiwa na karani kwamba anadaiwa shilingi 340,000 za mabati.

"Mjukuu wangu," akanigeukia, "mimi mpaka leo nalala kwenye tembe. Hayo mabati nimeezeka wapi?"

Alikuwa mteja wa 1017. Programu yangu ilikata ile moja ya mbele, ikabakiza 017, namba ya mtu mwingine, ikamrithisha mzee wa watu na deni. Tena kimya kimya.

Huo ukimya ndio wa kuogopa. Ndoo ikijaa, maji yanamwagika unayaona. Oktoba 2020 huko Uingereza, majibu karibu 16,000 ya wagonjwa wa korona yalichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakaachwa nje.

Kwa hiyo ukinunua mfumo, usiishie kuuliza bei. Uliza unajaa lini, na ukijaa utapiga kelele au utanyamaza. Kisha jaribu mwenyewe kwenye nakala, si kwenye hesabu halisi: ingiza mteja wa elfu kumi, jina refu la kupitiliza, tarehe 20 Januari 2038. Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32, yaani nafasi 32 tu za kuandika 0 au 1, zitafika ukomo siku moja kabla ya hiyo, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu, na nyingine zitadhani tumerudi 1901. Mashine nyingi za stoo hakuna anayekumbuka ndani zina nini.

Namba sasa zina tarakimu sita. Mzee ni 001017, na kila akija anamwomba karani afungue daftari kwanza.