Muulize Fundi: Lori lasema "tak" alafu kimya

Swali: Salaam aleikum ami fundi. Mimi niko Gongoni, nina Canter ya zamani ya kubeba chumvi kuleta Malindi na mara mojamoja twateremka nayo Mombasa. Wiki ya pili sasa, asubuhi nikipiga stata yasema "tak" mara moja alafu basi, na taa zote zinawaka vizuri hazififii ata. Vijana wakisukuma inashika hapo hapo na moshi hauna neno. Nikizima nikae kidogo, kazi ni ile ile. Fundi wa hapa kaniambia stata imekufa ninunue nyingine, na bei aliyonitajia nimekaa chini. Betri moja nimeshabadilisha, ile ingine naona bado iko sawa. Ee na kuna kitu sijui kama kina maana, ile kebo ya mafuta ya kukanyagia, juzi utingo aliishika baada ya mimi kupigapiga stata ikamchoma mkono. Nifanyeje?
*Mwenye Canter, Gongoni*

Jibu: Waleikum salaam bwana wangu. Hiyo pesa ya stata iache mfukoni kwanza. Na hilo ulilolitupa mwishoni kama si kitu, la utingo kuchomwa na kebo, ndilo barua yenyewe, hayo mengine yote ningeyasoma baadaye.

Hebu fikiria, stata ikivuta inakula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, mamia ya ampi kwa zile sekunde za kuwasha. Umeme huo unatoka betri kwa ule waya mnene wa chanya, unaingia stata, alafu lazima urudi betri kupitia chuma cha injini na chesisi. Sasa injini yako haikukaa juu ya chesisi chuma kwa chuma, imekalia mipira ya mauntini, na mpira haupitishi umeme, ndio maana kiwandani waliweka waya mpana wa athi, yaani wa kurudishia umeme, kutoka kwenye injini au gia boksi mpaka kwenye chesisi. Waya huo ukioza, au ukilegea, au mtu alishusha gia boksi akasahau kuurudisha (hilo nimeliona mara nyingi mpaka nimechoka), umeme unatafuta njia ya uchochoroni. Na njia uliyoipata kwako ni kebo ya mafuta, manake yenyewe ni chuma, imeshika injini huku na bodi kule. Waya mwembamba kubebeshwa mzigo wa stata utaacha kupata moto? Hata bado hujaona, ikiendelea ile nailoni ya ndani itayeyuka na kebo itagandia, uko barabarani umekanyaga mafuta hayarudi.

Ndio maana pia taa zako haziwi hafifu. Betri ingekuwa imekwisha, ukipiga stata taa zingezama zote. Taa zimekamata athi yao kwenye bodi na chesisi, hazijui kama injini ina shida.

Jaribu hivi kabla ya kumwita mtu. Weka gia nyutro, vuta handbreki, tia mawe kwenye magurudumu. Chukua nyaya za kuazimia moto, moja tu, ile nene si zile nyembamba za kuuzwa pamoja na taulo barabarani, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, ile hasi inayokwenda chesisi, na upande wa pili bana kwenye chuma kitupu cha injini, bolti au mkono wa kunyanyulia injini, kwaruza rangi kwanza. Piga stata. Ikizunguka kama zamani basi stata haina makosa yoyote, ugonjwa ni athi. Mwenye mita ya volti aweke waya wake mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye injini wakati mtu anapiga stata, isome nusu volti au chini ya hapo. Ikipanda ikawa volti nyingi, umeme unapotelea njiani.

Ikiwa hata hivyo bado yasema "tak" peke yake, hapo sasa fuata waya wa chanya mpaka kwenye stata, na mwisho kabisa ndio ile shaba ya ndani ya solenoidi, yaani ile swichi nene iliyofungwa kwenye stata, huliwa ikawa na mashimo haigusi vizuri. Hiyo nayo fundi wa stata anaibadilisha yenyewe, hununui stata nzima. Mimi ujana wangu nilinunua stata nzima, nikaifunga juani kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, nikapiga, nayo mpya ikaniambia "tak".

Sasa kazi yenyewe. Wewe wabeba chumvi, na upepo wa kusi wakuletea nyingine bure kutoka baharini. Magunia yakitoa maji yanapita kwenye mbao za bodi yanadondokea chesisi, na chumvi ikishaingia pale waya ulipofungwa na bolti haitoki, hata siku za jua inavuta unyevu wa hewani. Ukiangalia kwa juu waona bolti imekaza. Ifungue. Chini ya ile pete utakuta kutu nyekundu au unga wa kijani, hapo ndipo umeme ulipokatika. Anza kutoa hasi za betri, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pete yenyewe na pale inapokaa, kaza, alafu ndio upake grisi juu, si kabla. Vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe vimwagie maji ya moto yenye magadi, usiache yaingie ndani ya betri. Suuza kwa maji ya bomba tafadhali, visima vyetu vingi huku pwani vina chumvi, utakuwa waosha chumvi kwa chumvi. Waya ukiwa umevimba chini ya mpira au ukiukunja unasikia kama mchanga ndani, huo umeoza, nunua mwingine wa unene ule ule.

La betri. Canter nyingi za zamani ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, na yako nadhani ndio hizo. Wewe umechanganya mpya na kuukuu. Ile kuukuu itakuwa inajaa haraka na kuisha haraka, na mpya itachoka kabla ya wakati wake. Zikinunuliwa ni mbili pamoja, umri mmoja, aina moja. Alafu nikuulize, redio iko? Na chaja ya simu ya utingo? Ikiwa mmechukua volti 12 kutoka betri moja tu basi ile moja inakamuliwa peke yake kila siku na alteneta inazichaji zote kama ziko sawa. Weka kigeuza volti cha kutoa 24 kuwa 12, au radio izime, utakavyo. Ukishamaliza athi pima kila betri asubuhi: volti 12.6 imejaa, 12.0 ni kama tupu. Mtu apige stata, betri itakayoanguka chini ya 9.6 hiyo ndiyo mgonjwa.

Swali: Fundi, Land Cruiser pikapu ya dizeli, injini 1HZ, iliniishia mafuta baada ya Witu nikielekea Mokowe. Nimetia dizeli ya dumu, yazunguka vizuri sana lakini haishiki.
*Dereva, Mokowe*

Jibu: Hewa hiyo ndugu yangu. Kuna kibonyezo juu ya filta, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, kibonyezo ukibonyeze mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kaza, bonyeza tena mpaka kiwe kigumu. Kisha legeza nati za paipu za nozeli kidogo, mtu apige stata sekunde kumi tu apumzishe, zikianza kutema kaza. Kidole usiweke pale, dizeli yenye presha inapenya ngozi. Ikikataa bado, fungua swichi bila kupiga stata usikilize pampu, lazima kuwe na mlio mdogo wa solenoidi ya kuzimia, ile inayokata mafuta ukizima gari, usipousikia angalia waya wake. Na dumu lile, mimina kidogo kwenye chupa ya wazi uiache dakika kadhaa, ukiona tabaka chini hayo ni maji.

Swali: Ami, dereva wangu huwasha lori kwa kugusanisha bisibisi kwenye stata. Si inaharibu?
*Mama mwenye lori, Malindi*

Jibu: Stata haiharibiki sana mama. Ila muulize akiwa chini pale kama ameangalia gia, manake lori la dizeli likiwa kwenye gia linashika na kuondoka bila mtu kwenye usukani, naye amelala mbele ya gurudumu. Mara nyingi swichi au relei ndio mbovu, na bei yake haifiki hata nusu ya stata.