Siku utakayotaka kumkimbia mwanasaikolojia wako

Mwezi wa tano wa matibabu yangu, mwanasaikolojia wangu aliniandikia ujumbe asubuhi: amefiwa, yuko kilio, tutaonana juma lijalo. Mtu mwingine angejibu "pole sana." Mimi nilikaa kitandani, pale kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, natetemeka kwa hasira. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeshaamini kwamba hakuna kilio chochote, kwamba amenichoka kama walivyonichoka wengine, na heri nimwache mimi kabla hajaniacha yeye. Nikafuta namba yake. Sikurudi kwa majuma matatu.

Naanza hapo kwa sababu wanaoniuliza juu ya tiba hii ya kuzungumza huuliza bei, muda na dawa. Siku ya kukimbia hawaiulizi, na hiyo ndiyo inayowatoa wengi njiani.

Ugonjwa wangu ni mmoja kati ya matatizo ya haiba, wanauita bodalaini. Si wazimu. Najua niko wapi, nafanya kazi, nahesabu faranga zangu vizuri. Shida iko katika namna ninavyojiona na ninavyoshikamana na watu: leo mtu ni malaika, kesho ni adui, moyo unawaka kwa jambo dogo na unachelewa kupoa, hofu ya kuachwa hailali. Nilipoteza kazi mbili na mchumba, na nikiwa peke yangu nilikuwa najiumiza. Nyumbani wakasema ni mashetani, nikapelekwa chumba cha maombi. Sisemi vibaya juu ya maombi, mpaka leo naomba. Lakini pale sikufundishwa nifanye nini saa nne za usiku, wakati yaya, ndugu yangu mkubwa, hapokei simu na mimi nasikia kama ninakufa.

Dawa ya kuponya haiba haipo. Daktari anaweza kukuandikia vidonge kwa ajili ya huzuni nzito au hofu inayoambatana nayo, na usiviache bila kumwambia. Kazi yenyewe inafanywa kwa kuzungumza, na ni mazungumzo yenye utaratibu. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, alitoa mwaka 1991 matokeo ya tiba aliyoitunga kwa wanawake waliokuwa wakijiumiza mara kwa mara: mwaka mzima, kila juma kikao cha mtu mmoja na kingine cha kundi. Anakufundisha kushika mambo mawili pamoja, kujikubali ulivyo na kubadilika. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya akili kwa sababu ya kujiumiza. Docta, ndivyo ninavyomwita mwanasaikolojia wangu, aliponisimulia hilo nililia sana. Sikujua kwamba mtu wa namna yangu anaweza kufika pale.

Katika tiba yake nilipata beseni. Moto ukipanda kichwani, jaza maji baridi, zuia pumzi, zamisha uso kwa sekunde chache, inuka, rudia. (Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza.) Maji ya Lubumbashi ya mwezi wa sita yanatosha bila barafu! Mwili unatulia kidogo, na kile kidogo kinakupa nafasi ya kutofanya jambo la kujutia. Pia nilinunua kayé ya shule; kila usiku naandika nimesikia nini moyoni, kwa nguvu kiasi gani, na nimefanya nini. Siku za kwanza niliona ni kazi ya watoto. Leo ndiyo ninayoibeba kwenye kikao.

Nilirudi kwa sababu yaya alinisindikiza mpaka mlangoni. Docta hakunikemea. Aliniuliza: "Dada, asubuhi ile, ulifikiri kichwani mwangu kulikuwa na nini?"

Nikamwambia: "Ulifurahi kupumzika bila mimi."

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa namzika shangazi yangu."

Tukasoma ujumbe wake pamoja. Ulikuwa mistari miwili. Yaliyobaki yote niliyaandika mimi kichwani mwangu, kisha nikamhukumu kwayo. Huko London, Anthony Bateman na Peter Fonagy wamejenga tiba nzima juu ya swali hili: ndani yangu kuna nini, ndani ya mwenzangu kuna nini, na nimejuaje? Tiba yao ilichukua miezi 18. Mchumba wangu sikuwahi kumuuliza swali hilo. Nilikuwa namkimbia, halafu nalia kwamba nimeachwa. Kwa Docta nilivunja vilevile, lakini safari hii niliketi na mtu niliyemvunjia, tukatazama vipande pamoja.

Ndiyo maana vikao vitatu vinne havitoshi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2009, unakataza tiba fupi ya chini ya miezi mitatu kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo mapema muulize mwanasaikolojia: tutaonana siku gani, saa ngapi, na usiku nikizidiwa nimpigie nani? Fedha za taksi-basi zikikosekana, mwambie wazi, mpange upya. Usipotee kwa aibu. Na usiku ambao mawazo ya kufa yamekuja, usilale peke yako. Amsha mtu, hata jirani, nendeni hospitali.

Nawe unayeishi na mgonjwa, usimwambie "unajifanya." Yaya alinisaidia kwa maneno haya: "Nasikia unaumia. Siendi popote. Kesho saa mbili nitakupigia." Na saa mbili akapiga kweli.

Ile siku ikifika kwako, usifute namba. Andika hivi, kisha zima simu: "Docta, leo nataka kuacha. Alhamisi nitakuja nikuambie kwa nini."