Wasomaji Wanauliza: Mbwa Ananuka Mdomo

SWALI: Mbwa wetu ni jike la miaka sita, chotara wa German shepherd, analinda ploti hapa Kasarani. Anakula vizuri na usiku anabweka, lakini akikuhemea usoni lazima ugeuke. Chakula chake ni ugali na omena, na mifupa ya bucha wikendi. Tumempaka ndimu na chumvi, harufu ikarudi kesho yake. Je, ni omena?

JIBU: Omena inaonewa. Harufu yake huisha saa chache baada ya bakuli kulambwa. Ile isiyobanduka mara nyingi hutoka kwenye meno na fizi, hasa kwa mbwa aliyepita miaka mitatu. Ndimu acheni kabisa: tindikali yake huunguza ufizi uliokwisha kuvimba na haitoi uchafu wowote.

Mkagueni mchana, penye mwanga. Kaa ubavuni mwake, usimkabili, akiwa amefumba mdomo, kisha vuta shavu la juu kuelekea sikioni. Hesabu kutoka chonge kwenda nyuma mpaka jino la nne, lile pana kuliko yote. Karibu na hapo ndipo mate humwagika kinywani, kwa hiyo uchafu hugandia hapo kabla ya kwingine. Ukiona ganda la kahawia na mstari mwekundu ufizini, umeshapata jibu. Ufizi mweusi usikutishe, mbwa wengi huzaliwa nao. Cha kuangalia ni uvimbe na damu.

Ukoga laini hurudi kwenye jino ndani ya siku moja tu baada ya kusafishwa. Ukiachwa siku chache, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, na ugaga hauogopi mswaki. Chini yake, mahali hewa haifiki, bakteria hula mabaki ya protini na kutoa gesi za salfa, ndiyo ile harufu ya yai viza. Wakati huohuo mfupa unaoshikilia jino unalika taratibu. Mbwa ataendelea kula hata jino likiwa linacheza, ndiyo maana "anakula vizuri" si kipimo.

Ugaga uliokwisha kuganda huondolewa na daktari wa mifugo, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa sababu sehemu yenye madhara iko chini ya ufizi. Anayekwangua mbwa akiwa macho anang'arisha kinachoonekana tu, na ugonjwa unabaki pale pale. Hakikisheni daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi pia kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete. Kwa mbwa wa umri huu, ombeni damu ipimwe figo na ini kabla ya kulazwa.

Baada ya hapo kazi ni yenu. Tafuteni mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu haifai: mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina ksilitoli, sukari mbadala ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuua ini. Mkikosa ya mbwa, maji matupu yanatosha, maana kinachosafisha ni kule kusugua. Siku za mwanzo mzoesheni kwa kidole kilichochovywa kwenye supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Halafu kitambaa, kisha mswaki. Ulazeni kidogo, nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi, msugue upande wa nje peke yake, kama nusu dakika kila shavu. Upande wa ndani ulimi husaidia. Iwe kila siku. Mara moja kwa wiki ni kumsumbua mnyama bure.

Na ile mifupa ya wikendi? Iliyopikwa hupasuka vipande vikali, na ya paja la ng'ombe huvunja lile lile jino la nne. Chochote ambacho ukucha wako hauwezi kukibonyeza ni kigumu mno kwake.

SWALI: Kambwa ketu kadogo ka miezi saba kana chonge mbili upande mmoja na kananuka. Ya pili itaanguka?

JIBU: Haitaanguka yenyewe. Meno 28 ya utotoni hupisha 42 ya ukubwani, na kufikia miezi saba yale ya utotoni yangekuwa yameisha kung'oka. Nywele na chakula hunasa katikati ya hizo mbili. Ile ya utotoni ing'olewe na daktari, msiivute nyumbani kwani mzizi wake ni mrefu na hukatikia ndani. Kama mnapanga kumfunga kizazi, yafanyike siku moja.

SWALI: Pumzi ya mbwa wetu mzee inanuka mkojo, na maji hayamtoshi.

JIBU: Hayo ni ya kuchunguzwa figo, tena wiki hii. Pumzi tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha huashiria kisukari kilichopanda, huyo apelekwe leo leo. Ikinuka samaki ilhali hajala samaki, tazameni tezi za mkunduni, huenda anajilamba huko.

SWALI: Mbwa wangu ameanza ghafla kunuka na kutoa udenda, taya limelegea. Nimtoe mfupa kwa mkono?

JIBU: Usiingize mkono. Huenda ni mfupa uliokwama kwenye kaakaa, lakini kichaa cha mbwa huanza hivyo hivyo. Mfungie peke yake, umwite daktari wa mifugo, umwambie alichanjwa lini mara ya mwisho. Mate yake yakigusa kidonda, macho au mdomo wa mtu, oshea hapo maji mengi, na kidonda kwa sabuni chini ya bomba kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo.